Mlango wa Guacimara Haubishwi Hodi

Usiku ule Benilde hakulala, na kwa vile hakulala yeye, alihakikisha mumewe naye halali vizuri.

"Eleuterio, kuna wingu."

"Liache lipite."

"Halipiti. Limekaa juu ya mlima kama shemeji aliyekuja kusalimia tu."

Eleuterio alifungua jicho moja. "Benilde, huo ni moshi wa sufuria yako. Fungua dirisha."

Alifungua. Kweli wingu likatoka nje, likanukia mbavu za nguruwe na ngano, maana alipokuwa na wasiwasi Benilde alipika, na usiku ule alikuwa na wasiwasi wa kulisha kijiji kizima cha Garafía. Huko juu, kwenye ukingo wa mlima, makuba ya darubini yalionekana meupe chini ya nyota, na ndani ya mojawapo alikuwamo binti yao Guacimara. Ulikuwa usiku wake wa mwisho. Akifaulu, nyota yake ingekuwa yake na shahada ingefuata. Akishindwa, Profesa Wierzba, yule Mpolandi aliyekuwa akimsimamia, alikwisha sema waziwazi: ataiacha nyota hiyo, na atakwenda kujiunga na wale wanaopima vumbi la angani mpaka kichwa kitoke mvi.

Nyota yenyewe Benilde hakuwahi kuiona. Alichojua ni kwamba ilikuwa nyota kuukuu iliyojivua ngozi yake ya gesi, na gesi ile sasa inang'aa kuizunguka kama pete ya moshi. Wanajimu wenyewe wanaiita nebula ya sayari, wala haina sayari hata moja. Habari hiyo ilimfikia Benilde akiwa amechelewa, amekwisha kulitangazia soko zima kwamba mwanawe amegundua sayari, na hakuwa na uso wa kurudi kuichukua.

Katikati ya moshi ule, Profesa alisema, kuna nyota moja. Guacimara alisema ziko mbili, zinazungukana zimebanana kiasi kwamba hakuna darubini ya kuzitenganisha.

"Sasa kama hazionekani, wewe umezijuaje?" Benilde alimuuliza siku moja wakimenya viazi.

"Mama, chukulia ni usiku wa sikukuu pale uwanjani, na wewe uko mbali huku mlimani. Unaona taa moja tu. Inakwenda mbele, inarudi nyuma. Mbele, nyuma. Utasema nini?"

"Nitasema huyo amelewa."

"Na kama anakwenda na kurudi kwa kipimo kilekile usiku kucha?"

Benilde alishika kiazi akafikiri. "Basi anacheza na mtu. Mtu asiye na taa."

"Ndiyo hiyo."

Tofauti ni kwamba nyota haionekani ikienda mbele wala nyuma. Guacimara aliupitisha mwanga wake kwenye mashine inayoutandaza rangi kwa rangi, na ndani ya rangi hizo kuna mistari myembamba. Nyota ikija upande wetu mistari inasogea kwenye bluu, ikienda zake inasogea kwenye nyekundu. Alichotaka ni kuikamata mistari ikienda na kurudi, mzunguko mzima, bila kukatizwa. Aliwahi kuiona ikisogea, ila vipande vipande, wingu hapa, upepo pale, na Profesa akatikisa kichwa. Mashine imening'inia chini ya darubini, alisema, darubini ikigeuka na mashine inapinda, kama kitanda kibovu. Inayohama ni mashine, nyota imetulia.

"Kwa hiyo mtu mzima na elimu yake anabishana na mwanangu juu ya kitanda," Eleuterio alisema alipoelezwa, akaenda kukamua mbuzi.

Benilde aliandika kwenye simu: Umekula? Baadaye kidogo: Huko kuna wingu? Kisha: Umevaa soksi za sufu? Hakujibiwa. Aliiweka simu kifudifudi mezani, akaigeuza, akaiweka tena kifudifudi.

"Anafanya kazi," sauti ya Eleuterio ilitoka chini ya blanketi.

"Najua anafanya kazi. Nauliza soksi."

* * *

Benilde alikuwa mlezi wa usingizi, kama kuna kazi ya namna hiyo. Shule aliiacha mapema akachunge mbuzi, akaolewa, na Guacimara alipoanza darasa la kwanza yeye akapata kazi ya kusafisha vyumba kwenye hosteli ya wanajimu kule juu. Wale ni watu wanaokesha na kulala mchana. Wanatoka kwenye makuba jua likichomoza, wamepauka kama unga, wanashusha mapazia ya mbao, na kuanzia hapo ukumbi mzima ni wa Benilde.

Sheria yake ilikuwa moja. Pazia likiwa chini mchana, ndani kuna mtu amelala, na mtu aliyelala haamshwi. Hapigiwi simu, habishiwi hodi, hapitiwi mlangoni na viatu vya mbao. Mfini mmoja mwenye elimu ya kutisha alipita na viatu vya mbao. Benilde alimvua viatu hivyo palepale ukumbini akampa ndara za Eleuterio, na yule bwana akarudi nazo kwao Ufini. Fundi wa kengele ya moto alipokuja kuijaribu, Benilde aliishika kengele kwa mikono miwili mpaka fundi akakata tamaa. Hata mkuu wa kituo alipotaka kupita pale mchana alichungulia kwanza pembeni mwa ukuta kuona kama yuko.

Matokeo yake mlima mzima ulikuwa umezoea. Mchana hakuna aliyemtafuta mtu. Ukimkosa mezani ulijua amelala, na ukijua amelala ulisubiri jioni. Guacimara mwenyewe alikulia ndani ya sheria hiyo, akifanya kazi za shule kwenye stoo ya mashuka, akijifunza kupiga chafya bila sauti.

Asubuhi ile Benilde alipanda na gari la wafanyakazi, sufuria ya supu mapajani. Dereva Tanausú alimtupia jicho.

"Shangazi, hiyo supu ni ya harusi au ya msiba?"

"Sijui bado. Endesha."

Alipofika alikwenda moja kwa moja ukumbini. Pazia la chumba namba nane lilikuwa chini. Moyo ukamtulia. Jana yake yeye mwenyewe alikitayarisha chumba hicho: alishusha pazia mapema, akatandika, akaweka chupa ya maji ya moto kitandani, akatundika mlangoni kibao cha "Amelala". Kibao kilikuwa hapo hapo. Mtoto amelala. Lakini amelala kwa furaha au kwa huzuni?

Pale mlangoni alimkuta Fermín, mwendesha darubini wa zamu ya usiku, akikokota miguu kwenda chumbani kwake.

"Fermín, mwanangu, sema."

"Bi Benilde, nimechoka, nakuona wawili."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anapiga meza."

"Kwa furaha?"

Fermín alifikiri, amefumba macho. "Mwanzo alipiga kwa kiganja. Kuelekea alfajiri akapiga kwa kichwa." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, na Benilde, kwa sheria yake mwenyewe, hakuweza kumfuata.

Jikoni alikuta kikapu cha chakula cha usiku kimerudishwa. Kipande cha kimanda cha viazi, kile alichomkatia binti yake kwa mkono wake, kilikuwa hakijaguswa.

"Kichwa mezani, na hakula," Benilde alimwambia Obdulia, mpishi mkuu. "Imekwisha. Wamempa vumbi."

"Wee Benilde, pengine alishiba."

"Alishibia wapi? Nimemzaa mimi. Huyu alikula keki ya mazishi ya bibi yake kabla jeneza halijatoka. Asipokula huyu, kuna janga."

"Basi kamuulize."

Benilde alimtazama kama aliyeambiwa akatemee mate altare. "Amelala, Obdulia."

* * *

Saa sita simu ya jikoni ililia. Ilikuwa Profesa Wierzba, kutoka kwao Polandi.

"Guacimara hapokei simu yake. Nataka kujua matokeo ya usiku."

"Amelala."

"Naomba aamshwe."

"Profesa," Benilde alisema, sauti ikiwa chini lakini imenyooka, "ule mwaka wa theluji, wewe uliyelala hapa kwangu mpaka jua likazama, na mkuu wa kituo anakutafuta kwa ajili ya hotuba yako, nani alikuamsha?"

Upande wa pili Profesa alikohoa. "Sikumbuki kuamshwa."

"Hukuamshwa. Nilimwambia mkuu wa kituo umekwenda matembezini. Habari za huko?"

"Nzuri," alisema Profesa, akakata simu.

Ilikuwa saa tisa alipokuja Daktari Stamatis, Mgiriki aliyekuwa mwanajimu wa zamu. Alisimama mwanzo wa ukumbi na soksi tupu, viatu mkononi, kwa adabu.

"Bi Benilde, namtafuta binti yako."

"Amelala."

"Najua amelala. Lakini kuna jambo. Mashine ya wale waliopangiwa usiku wa leo imeharibika, kwa hiyo nusu ya usiku iko wazi. Kama bado anaihitaji kwa nyota yake, ni yake. Ila lazima nijue kabla ya saa kumi na moja. Ikifika saa kumi na moja bila yeye kusema, nawapa Waholanzi."

Wale Waholanzi wawili walikuwa nyuma yake, warefu kama ngazi, wamejaa matumaini.

"Waambie warudi nyuma, wanapumua kwa sauti," Benilde alisema. Kisha akauliza, "Nusu usiku inatosha kuizungusha nyota mzunguko mzima?"

"Yake inazunguka upesi sana. Ingetosha. Tumbishie hodi kidogo tu?"

Mguu wa Benilde ulijisogeza wenyewe mbele ya mlango wa namba nane. "Mtoto amekesha, amepiga kichwa mezani, hana kitu tumboni, halafu umwamshe? Subiri. Ataamka mwenyewe."

Stamatis alisubiri. Walisubiri wote, ukutani, kama watu kwenye zahanati. Saa tisa na nusu. Saa kumi. Sasa Benilde alielewa vizuri: kama mwanawe alishindwa jana, nusu usiku hii ndiyo kamba ya mwisho, na aliyeikanyaga kamba hiyo ni mama yake mzazi. Akimwamsha, amevunja sheria iliyomletea heshima mlimani kote. Asipomwamsha, Waholanzi.

"Shoga," alinong'ona Obdulia, aliyekuja kuangalia, "supu yako haina sheria."

Benilde alimwelewa hapo hapo. Alikwenda jikoni, akaichemsha ile supu upya, akakaanga vitunguu saumu juu yake, akarudi na sufuria inafuka. Aliiweka sakafuni mbele ya namba nane, akavua aproni, akaanza kupepea mvuke uingie chini ya mlango. Kumwamsha mtu hakumwamsha. Kama harufu imepita, imepita.

Mlango wa namba tatu ukafunguka. Kichwa cha Mjapani kikatokea, nywele zimesimama. Ukafunguka wa namba tano. Namba kumi na moja. Watu wakatoka na blanketi mabegani, wengine na pajama, mwingine na taulo tu, wanafuata pua zao kama mbuzi wanaosikia ndoo. Fermín alitoka na chupi na soksi moja.

"Rudini mkalale!" Benilde alinong'ona kwa ukali wa kutisha. "Siyo yenu! Wewe, funika hayo magoti!"

"Bi Benilde," alisema yule wa taulo, macho yamelowa kwa njaa, "miaka yote hii hujawahi kutuamsha."

"Wala sasa sijawaamsha! Mmeamka wenyewe!"

Milango yote ya ukumbi ilikuwa wazi. Namba nane tu ilibaki imefungwa.

Benilde aliacha kupepea. Binti yake hawezi kulala mbele ya mbavu za nguruwe. Mbele ya ukumbi mzima alikunja kidole, akabisha hodi. Akabisha tena, kwa ngumi. Kisha akatoa funguo za kazi, akakosa tundu mara mbili mpaka Stamatis akamsaidia kulenga.

Kitanda kilikuwa kama alivyokitandika jana. Chupa ya maji ya moto ilikuwa imepoa katikati ya mashuka kama samaki. Juu ya kiti palikuwa na koti la Guacimara, na mfukoni mwake simu inayolalamika kwamba haina chaji.

"Mungu wangu, ameanguka mlimani," Benilde alisema, akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kitanda cha hosteli maishani mwake.

"Nani ameanguka?" Fermín aliuliza, bakuli tayari mkononi.

"Guacimara!"

"Guacimara yuko kule juu. Nilimwacha kwenye chumba cha mitambo. Alisema hatoki mpaka amalize."

Ukumbi mzima ulimgeukia.

"Na hukusema?" Benilde alifoka kwa sauti kamili, sauti ambayo wengi wao hawakujua anayo.

"Uliniuliza alikuwaje. Hukuniuliza yuko wapi. Na mimi nilikuwa nakwenda kulala, nani atanibishia hodi?"

Mchana hakuna anayepiga simu kwenye kuba, kwa sababu mchana kuba halina mtu, kwa sababu mchana watu wamelala. Siku nzima wanajimu, Profesa, wapishi na Benilde mwenyewe walikilinda kitanda kitupu kwa heshima kubwa.

"Saa?" aliuliza.

"Saa kumi na moja kasorobo," alisema Stamatis.

"Gari liko wapi?"

Waholanzi walitazamana. Mmoja alisema kwa upole kwamba labda wao wangesubiri tu hapa. "Kuleni supu," Benilde aliwaambia akipita, "na msije mkaigusa nyota ya mtu."

* * *

Stamatis aliendesha vile wanavyoendesha Wagiriki, bila viatu. Benilde alishika mlango kwa mkono mmoja na Bikira kwa mwingine, ile sanamu ndogo iliyoning'inia kwenye kioo cha gari. Mawingu yalikuwa chini yao, yametanda mpaka upeo wa macho, na juu hapakuwa na hata moja. Jambo hilo halikumfariji. Usiku mzuri ungekuja, na ungewaangukia Waholanzi.

Ndani ya kuba palikuwa na baridi na giza. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa ndani, kwa sababu mafundi wa mchana wanapenda kuingia kupiga soga. Benilde alibisha hodi, mara ya pili siku ile na mara ya pili toka aanze kazi.

"Nani?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama yako! Unao wangapi?"

"Mama, usiingie. Nikiongea napoteza mahali nilipofika."

Stamatis alisogeza mdomo kwenye ufa wa mlango. "Guacimara, nusu ya usiku wa leo iko wazi. Unaitaka au huitaki? Saa yangu inaonyesha zimebaki dakika chache."

Kiti kilikwaruza sakafu, kikatulia.

"Wape Waholanzi."

Benilde aliegemea chuma. Mtu akikataa sahani, ama ameshiba ama amekata tamaa, na sauti ya nyuma ya mlango wa chuma haisemi ni lipi.

"Mwanangu," alisema, "vumbi si jambo la aibu. Mimi nimeshughulika na vumbi maisha yangu yote, na limekulisha."

"Vumbi gani, mama?"

"La Profesa."

Guacimara akacheka, kicheko cha mtu asiyelala, kilichoanza vizuri kikaishia kwenye kikohozi.

"Mama, unakumbuka ule moshi unaoizunguka nyota? Na wenyewe una mistari yake, kwenye picha ileile. Kama mashine ilipinda, mistari yote ingehama pamoja, ya moshi na ya nyota. Sasa ya moshi imekaa palepale usiku kucha. Haikusogea hata unywele. Ya nyota imekwenda, ikarudi, ikaenda tena."

Stamatis alisema neno la Kigiriki, akavua kofia.

"Kwa hiyo ziko mbili?" Benilde aliuliza.

"Inaelekea."

"Inaelekea nini? Mbili au moja?"

"Mbili. Nadhani mbili."

"Na toka alfajiri unafanya nini humo, na watu tumekufa kwa hofu?"

"Natafuta kosa langu."

"Umelipata?"

"Bado." Sauti sasa ilikuwa karibu zaidi, na ndogo, sauti ya stoo ya mashuka. "Naogopa nikimpigia Profesa, nikikata simu tu, ndipo nitaliona."

Benilde alilijua jambo hilo vizuri sana. Usiku kucha alikuwa nalo yeye mwenyewe, dirishani.

"Umetafuta kote?"

"Kote."

"Pembeni? Chini? Kwenye hesabu za mwanzo?"

"Kote, mama. Nimerudia mpaka macho yanauma."

"Basi kama umetafuta kote na halipo," Benilde alisema, "halipo. Fungua."

Kiti kikakwaruza tena. Kisha komeo likalia, na mlango ukafunguka.